Medali ya miaka 10 siyo taimu ya miaka 20

Mtoto wa miaka 10 anayewaacha wenzake nusu bwawa huwa na moja kati ya mambo matatu: mwili wake umekomaa mapema, anafanya mazoezi mengi kuliko wenzake, au kweli maji yanamkubali. La kwanza huisha akifika miaka 14 au 15, wenzake wanaporefuka. La pili huisha siku wenzake nao wanapoanza kuingia majini mara sita kwa wiki. Linalobaki ni la tatu, na kwenye karatasi ya matokeo huwezi kulitambua, kwa sababu yote matatu yanaandikwa kwa taimu ileile. Kwa hiyo mzazi anayetoka kwenye shindano la klabu pale Masaki, Dar es Salaam, na medali mkononi akauliza kama mtoto atafika Olimpiki, jibu la haki ni kwamba medali hiyo bado haijasema kitu.

Tuwaangalie waliofika. Kirsty Coventry alizaliwa Harare Septemba 1983. Sydney 2000 aliogelea akiwa na miaka 17, hakuingia fainali. Athens 2004 akachukua dhahabu ya mita 200 mgongo, fedha ya mita 100 mgongo na shaba ya mita 200 mitindo minne, yaani kipepeo, mgongo, kifua na fristaili ndani ya mbio moja. Beijing 2008 akatetea dhahabu yake na kuongeza fedha tatu. Medali saba kwa jumla, Olimpiki tano, hadi Rio 2016. Jirani yetu Jason Dunford wa Nairobi aliogelea mita 100 kipepeo kwa 51.14 kwenye mchujo wa Beijing 2008, ikawa rekodi ya Olimpiki kwa wakati ule, kisha akamaliza wa tano fainali. Alikuwa na miaka 21. Miaka miwili baadaye, Delhi 2010, akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwenye mita 50 kipepeo.

Utasema Michael Phelps alikuwa na rekodi ya Marekani ya umri wake akiwa na miaka 10. Ni kweli. Lakini hesabu vizuri: Bob Bowman alianza kumfundisha akiwa na miaka 11, akamaliza wa tano Sydney akiwa na miaka 15, na medali yake ya kwanza ya Olimpiki ilikuja Athens akiwa na miaka 19. Miaka kama minane na kocha mmoja kabla ya medali ya kwanza kati ya 28. Katie Ledecky ndiye anayeharibu hesabu, maana alichukua dhahabu ya mita 800 London 2012 akiwa na miaka 15. Hata huyo, kinachomfanya awe Ledecky ni kwamba Paris 2024 alikuwa bado anaishinda mbio hiyohiyo, miaka 12 baadaye.

Miaka ya katikati

Kati ya miaka 8 na 11 mtoto anahitaji vipindi vitatu au vinne kwa wiki, dakika 45 hadi 60 kila kimoja, na karibu yote yawe ya ufundi. Mitindo yote minne. Hapa klabu nyingi zinakosea kwa kumpa mtoto mwenye kasi fristaili ya mita 50 kila shindano kwa sababu inaleta medali haraka. Matokeo yake ni kijana wa miaka 15 asiyejua teke la mtindo wa kifua na asiyeweza kuogelea mita 400 bila kubadilisha mkao wa mwili. Hadi miaka 13 au 14, mbio zinazomfundisha mtoto ni mita 200, mita 400 na mitindo minne. Kasi ya mita 50 itamsubiri. Pumzi na ufundi visipowekwa umri huo, kuviweka baadaye ni kazi ngumu sana.

Miaka 12 hadi 14 vipindi vinakuwa vitano au sita, mita 2,500 hadi 4,000 kila kimoja. Kuanzia 15 hadi 18, anayetaka kufika mbali anaingia majini mara saba hadi tisa kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nchi kavu mara mbili au tatu. Kuruka ngazi ndiko kunakovunja watu. Mtoto wa miaka 11 akipewa mzigo wa miaka 16 taimu yake itashuka vizuri sana kwa mwaka mmoja na nusu, kocha atasifiwa, kisha bega litaanza kuuma au mtoto mwenyewe atachoka na maji.

Kasi ya mazoezi isikisiwe. Kila wiki sita hadi nane mpime mtoto mita 400 kwa nguvu zote, kisha mita 200 baada ya mapumziko ya kutosha. Toa taimu ya 200 kwenye ile ya 400, gawanya kwa mbili. Mfano: 400 ameogelea kwa 5:20, yaani sekunde 320, 200 kwa 2:30, yaani sekunde 150. Tofauti ni 170, nusu yake 85. Kasi anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu ni 1:25 kwa kila mita 100. Kipindi cha mtoto huyo kinaweza kuwa hivi:

Mita 400 taratibu, 200 za mateke.
8 × 50 za ufundi, mapumziko sekunde 15.
10 × 100 fristaili kwa 1:25, akiondoka kila 1:40.
8 × 50 za mateke.
6 × 25 kwa kasi yote, mapumziko dakika nzima.
Mita 300 za kulegeza mwili.

Hizo ni mita 2,850, na kiini chake ni zile 10 × 100. Ya kwanza akiifanya kwa 1:18 na ya nane kwa 1:33, amefanya mazoezi ya kujionyesha tu. Asogee karibu na 1:25 zote kumi. Na ahesabu mikono: akianza na mizungusho 18 kwa mita 25 na kumaliza na 24, kasi inaweza kuwa ileile lakini ufundi umeshavunjika, na hapo seti inakatwa. Wale 6 × 25 nao wana kosa lao: kocha aliyechelewa na foleni anapunguza mapumziko hadi sekunde 20, na zoezi la kasi linageuka kuwa zoezi la uchovu.

Ukutani

Mabwawa mengi ya Dar, ya shule na ya hoteli, ni ya mita 25 au mafupi zaidi. Olimpiki na mashindano makubwa ya dunia ya kila miaka miwili huogelewa kwenye mita 50. Hesabu ya kuta inabadilika kabisa: mita 100 ina kugeuka mara 3 kwenye bwawa fupi, mara 1 kwenye refu, mita 200 ni mara 7 dhidi ya 3. Kila ukuta ni msukumo wa bure na ni nukta ya kupumzisha mikono. Kyle Chalmers wa Australia aliogelea mita 100 fristaili kwa 44.84 kwenye bwawa fupi mwaka 2021. Pan Zhanle wa China alipoweka rekodi ya bwawa refu Paris 2024 ilikuwa 46.40. Kama kwa watu wa kiwango hicho tofauti ni sekunde moja na nusu, kwa kijana wa Dar ambaye hajazoea mita 50 ni sekunde mbili, tatu, na zaidi. Anageuka vizuri, anafika mita 35, halafu anatafuta ukuta ambao haupo.

Tiba mojawapo haihitaji bwawa jipya. Mstari mweusi wa chini ya bwawa unaishia kwenye alama ya T, mita 2 kabla ya ukuta. Mara moja au mbili kwa wiki, mpe seti ya 6 × 100 ambayo anageukia kwenye T bila kugusa ukuta: anabiringita, hana cha kusukuma, anaanza upya kwa mikono mitupu. Ni zoezi la kuchosha na kila mtu analichukia. Baharini pia kunasaidia pumzi, lakini si peke yako, si bila mtu mwenye mtumbwi au ubao pembeni, na usidhani ni sawa na bwawa, kwa sababu kuinua kichwa kutafuta mwelekeo huzamisha nyonga, na tabia hiyo hufuata mtu hadi bwawani.

Kisha geuza udhaifu kuwa faida. Aliyekulia bwawa fupi amegeuka mara nyingi kuliko mwenzake. Kama kila mara amegeuka sawasawa, ana akiba. Kugeuka kwa fristaili kunaanza mikono miwili kabla ya ukuta: hakuna kupumua, macho kwenye T, kichwa hakiinuki kutafuta ukuta. Kidevu kinaingia kifuani, mwili unajikunja, miguu inatua ukutani sentimita 30 hadi 40 chini ya uso wa maji, magoti yamekunjwa kama ya mtu anayetaka kuruka, si ya mtu aliyechuchumaa. Mikono inabanana, kiganja juu ya kiganja, masikio kati ya mikono, na hapo ndipo unasukuma. Ukisukuma kabla mwili haujanyooka, nguvu yote inaishia kwenye maji. Unasukuma ukiwa ubavu au chali, unajigeuza huku unapiga mateke ya pomboo, yaani miguu yote miwili kwa pamoja, manne hadi sita, na unaibuka. Sheria inataka kichwa kiwe kimeibuka ifikapo mita 15. Mkono wa kwanza baada ya kuibuka hauna pumzi. Ukitaka kujua mtoto aliyefundishwa vizuri na asiyefundishwa, angalia mkono huo mmoja tu: tisa kati ya kumi wanageuza kichwa na kuvuta hewa palepale, na kasi yote ya ukutani inakufa.

Kupima ni rahisi. Bendera za mgongo, zinazomwonyesha anayeogelea chali kuwa ukuta umekaribia, zinaning'inia mita 5 kutoka ukutani. Washa saa kichwa kinapopita chini ya bendera kikienda, izime kinapopita kikirudi. Andika. Ukipunguza sekunde 0.3 kwa kila ukuta, kwenye mita 200 ya bwawa fupi umepunguza sekunde 2.1 bila kuongeza nguvu hata chembe.

Ukuta wa mwisho nao una sheria zake, na Phelps ameuonja pande zote mbili. Beijing 2008, fainali ya mita 100 kipepeo, aligeuka akiwa wa saba. Mita za mwisho Milorad Čavić wa Serbia alinyoosha mikono akateleza hadi ukutani; Phelps akaongeza nusu mzungusho na kuupiga ukuta. 50.58 kwa 50.59. London 2012, mita 200 kipepeo, yeye ndiye aliyeteleza kufika ukutani, na Chad le Clos wa Afrika Kusini akampiku kwa 1:52.96 dhidi ya 1:53.01. Kwa hiyo mazoezini kila mita 25 ya mwisho ya seti imalizwe kwa mzungusho kamili na kugusa kwa nguvu. Mtoto anayemaliza kila seti kwa kuelea na kushika ukingo ndivyo atakavyomaliza na fainali.

Joto, chakula na bega

Maji ya mashindano ya kimataifa hutakiwa yawe kati ya nyuzi 25 na 28. Mabwawa ya wazi ya Dar, Januari hadi Machi, hupita 30. Mwili unashindwa kutoa joto, mapigo ya moyo yanapanda kwa kazi ileile, na mtoto anatoka jasho majini bila mtu kuona. Miezi hiyo vipindi vizito viwe alfajiri, seti ndefu zikatwe vipande, na chupa ya maji ikae ukingoni: nusu lita hadi robo tatu kwa saa, yenye chumvi kidogo na sukari kidogo, au dafu. Kichwa kikiuma baada ya mazoezi, mara nyingi ni kiu. Kijana anayefunga Ramadhani aogelee karibu na magharibi au baada ya futari, kazi ya ufundi na kasi fupi. Seti ndefu ziachwe.

Hadithi ya kwamba Phelps alikula kalori 12,000 kwa siku imezunguka sana, naye mwenyewe aliikana. Kijana wa hapa anahitaji ratiba kuliko hadithi: kitu chepesi kabla ya alfajiri, kama ndizi mbili au uji, kisha ndani ya nusu saa baada ya kutoka majini apate wanga na protini pamoja, kwa mfano maziwa na mkate, au mayai na viazi. Chakula cha mchana cha ugali, maharage, dagaa na mchicha kina kila kitu. Kosa ni chai iliyokolea palepale baada ya chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na wasichana wanaoogelea sana ndio wanaoathirika kwanza: taimu zinapanda bila sababu, pumzi fupi, usingizi hautoshi. Kabla ya kumlaumu, mpeleke akapimwe damu.

Bega lina hesabu yake. Mita 3,000 kwa mizungusho 20 kila mita 25 ni mizungusho 2,400, na kwa vipindi sita ni 14,400, nusu kila bega. Misuli midogo inayoshikilia fundo ikiwa dhaifu, fundo linasogea mbele na mishipa inasuguana. Kinga ni kamba ya mpira, hata ile iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli: kiwiko kimebanwa ubavuni, unazungusha mkono kwenda nje, mara 15, seti tatu, siku nne kwa wiki. Maumivu yakiendelea hadi asubuhi ya pili, punguza mita, piga mateke tu. Lakini usimpe kibao cha kushikilia majini, kwa sababu kunyoosha mikono mbele juu ya kibao ndiko kunakolibana bega. Apige mateke chali, mikono ubavuni.

Kabla ya shindano kubwa

Wiki mbili hadi tatu kabla, mita zinapunguzwa hadi nusu hivi lakini kasi haishushwi. Vipindi vinabaki karibu idadi ileile, vinakuwa vifupi. Kwa mtoto wa miaka 12 siku tatu au nne zinatosha. Wiki ya kwanza ya kushusha mwogeleaji anajisikia mzito, na hapo ndipo hofu inapoingia: mzazi anataka vipindi vya ziada, kijana anakimbilia jimu. Acheni. Uzito huo ni mwili unajirekebisha.

Ukisafiri kwenda Nairobi kuogelea bwawa la mita 50 la Kasarani, kumbuka jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mita 50 hutaona tofauti kubwa; mita 200 na 400 utaiona kifuani. Taimu ya 400 ya Nairobi isilinganishwe na ya Dar, na mtoto asianze mbio kwa kasi yake ya pwani.

Nguo za mashindano za kubana zinauzwa dola mia kadhaa na hupoteza ubora baada ya kuvaliwa mara chache. Mtoto wa chini ya miaka 13 hazihitaji. Baada ya mwaka 2009, mashindano ya dunia ya Rome yalipomalizika kwa rekodi 43, sheria zilibadilishwa: tangu 2010 wanaume huvaa kiunoni hadi magotini, wanawake mabegani hadi magotini, kitambaa tu. Fedha hiyo nunua miwani miwili ya aina moja, mmoja wa mazoezi na mmoja wa mbio, na kofia mbili. Mkanda wa miwani uwe chini ya kofia ya juu. Beijing miwani ya Phelps ilijaa maji kwenye mita 200 kipepeo; alimaliza kwa kuhesabu mizungusho kwa sababu alijua idadi yake kwa kila mita 50, na bado ikawa rekodi ya dunia, 1:52.03. Mtoto wako anajua idadi yake?

Kutolewa mashindanoni kunauma kuliko kushindwa, na sababu karibu zote zinajulikana. Mtindo wa kifua na kipepeo: kugusa kwa mkono mmoja, au mikono haigusi kwa pamoja. Kifua: mguu mmoja unageuka nje na mwingine unapiga kama mkasi, au mateke mawili ya pomboo chini ya maji badala ya moja. Mgongo: kujigeuza kifudifudi mapema, kisha kupiga mateke kuutafuta ukuta. Mbio za kupokezana: kuondoka kabla mwenzako hajagusa. Yote haya yanarekebishwa mazoezini kwa kocha kuwa mkali kuliko mwamuzi.

Mlango wa Olimpiki, na milango mingine

Kwa Paris 2024 mwanamume alihitaji 48.34 kuingia moja kwa moja kwenye mita 100 fristaili. Nchi zisizo na mwogeleaji aliyefikia viwango hupewa nafasi ya mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na ndiyo njia tuliyoizoea Tanzania: Hilal Hilal na Magdalena Moshi Rio 2016, Collins Saliboko na Sophia Latiff Paris. Ni heshima, na si nafasi ya kubezwa, maana anayepata anapaswa kuwa bora nchini. Tatizo ni athari yake huku chini. Kwa kuwa nafasi hizo kwa kawaida hutumika kwenye mita 50 na 100 fristaili, klabu na wazazi wanajenga watoto wa mita 50 tangu miaka tisa. Coventry hakujengwa hivyo. Aliyeshinda mita 200 mgongo alishajua mitindo minne.

Safari nyingi za Dar hazifii bwawani. Zinafia Kidato cha Nne. Mitihani ya Novemba inakaribia, mzazi anamtoa mtoto majini Aprili, na akirudi Januari amepoteza karibu mwaka mzima na marafiki wa leni yake wameshaondoka. Vipindi vitatu vya dakika 45 kwa wiki, vyenye kasi ndani yake, vinatosha kushikilia sehemu kubwa ya alichonacho kwa miezi kadhaa. Foleni ya kutoka Kimara au Mbagala hadi Masaki ndiyo adui mkubwa zaidi ya kitabu, kwa hiyo panga kipindi kimoja alfajiri ya Jumamosi na kimoja Jumapili, na cha tatu popote penye maji karibu na shule.

Sababu ya kushikilia ni chuo cha Marekani. Coventry alikuwa Auburn, Dunford Stanford, Léon Marchand aliyechukua dhahabu nne Paris alitoka Toulouse akaenda Arizona State kwa Bob Bowman yuleyule. Vyuo vya Marekani huogelea kwenye bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86, kwa hiyo makocha wao wamezoea kubadilisha taimu; usiwabadilishie mwenyewe, andika taimu halisi, tarehe na urefu wa bwawa. Kuanzia Kidato cha Tano tuma barua pepe fupi yenye taimu, alama za darasani, urefu wako, na video ya kujirusha, kugeuka na mita 25 ukiwa majini. Kocha mzuri ataangalia jinsi taimu zako zilivyoshuka tangu miaka 14 kabla hajaangalia taimu yenyewe. Anayeshuka kila mwaka na bado anaogelea vipindi vitano tu kwa wiki anavutia kuliko aliyekwama na vipindi tisa.

Jambo moja la dawa. Oussama Mellouli wa Tunisia alikuwa chuoni Marekani alipomeza kidonge chenye amfetamini ili amalize kazi ya darasani. Vipimo vikamkamata, akafungiwa miezi 18 na kupoteza dhahabu ya dunia ya mita 800 ya mwaka 2007. Alirudi akachukua dhahabu ya mita 1500 Beijing na ya kilomita 10 London, lakini miezi ile haikurudi. Kwa mwogeleaji wa hapa hatari iko kwenye dawa za mafua zenye pseudoephedrine siku za mashindano, na unga wa misuli usiojulikana ulichanganywa wapi. Duka la dawa halitakuuliza kama una mbio kesho, uliza wewe.

Kuacha nako kunapangwa. Aliyeogelea vipindi tisa akiacha ghafla, hamu ya kula inabaki na kazi haipo, na kwa wengi usingizi na hali ya moyo huvurugika. Phelps amezungumza hadharani kuhusu msongo wa mawazo aliokuwa nao katikati ya mafanikio yote yale. Punguza kwa miezi mitatu au minne, na uwe na kitu kingine kinachokungoja. Dunford aligeukia muziki kwa jina la Samaki Mkuu. Coventry alichaguliwa Machi 2025 kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hapa Dar kazi inayomngoja mwogeleaji aliyestaafu ni nyepesi kuieleza: bwawa lisilo na mabamba ya kielektroniki ya kupima muda ukutani linahitaji wapima muda watatu kwa kila leni, yaani watu 18 kwa leni 6, pamoja na waamuzi wa mitindo na wa kugeuka. Kwenye mashindano mengi viti hivyo vinakaliwa na wazazi walioombwa asubuhi ileile, na wengi wao saa wanaibonyeza mtoto anapogusa maji badala ya kengele inapolia.